Bundi Hakuniuliza Uzoefu

Kunguru alinitangulia kufungua kinywa. Nilikuwa kituo cha Buxton, Mombasa, jua halijapanda, bahasha ya vyeti kwapani na mahamri mawili ndani ya karatasi, nikingoja matatu ya Malindi ijae. Nikageuka kubishana na makanga juu ya nauli. Niliporudisha macho, hamri moja halipo. Liko juu ya kibao cha duka la simu, mdomoni mwa kunguru, naye ananitazama kwa jicho la upande kama karani anayengoja niondoke dirishani pake.

Sikuweza kumkasirikia sana. Kunguru hawa wana historia yao. Babu zao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wameshaingia Mombasa. Yaani aliyekula hamri langu anatoka katika ukoo wa wafanyakazi wa usafi, walioletwa kwa kazi moja, wakajiongezea majukumu wenyewe: mayai ya ndege wengine, vifaranga vyao, na kifungua kinywa cha abiria. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuwastaafisha. Mimi nina shahada, joho nililirudisha mwaka na miezi minne iliyopita, na kazi sina.

Tangu hapo nimetuma barua 63. Idadi naijua kwa sababu mwenye duka la kuchapisha ndiye anayeniandikia deni. Nimejibiwa mara nne. Nililipia cheti cha tabia njema ili polisi wathibitishe kwamba sijawahi kuchukua cha mtu. Nilikilipia kwa pesa za kuazima ambazo sijazirudisha, kwa hivyo cheti chenyewe sasa kina walakini. Mama hunituliza kwa methali. "Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata." Mjomba hana haja ya methali, yeye jawabu lake ni neno moja. "Ghuba," husema. "Wenzako wako Doha, wako Jeddah, wajenga nyumba za mawe kwao. Weye wangoja nini hapa?"

Safari hii ilikuwa ya lile jibu la nne. Hoteli moja ya ufuoni Watamu iliniita kwa mahojiano ya kazi ya mapokezi. Mjomba, pamoja na kwamba hiyo si Ghuba, aliniazima viatu vyake vyeusi. Yeye huvaa namba 44, mimi 42, nikaijaza nafasi ya mbele kwa gazeti. Nilitumia kurasa za matangazo ya kazi. Angalau zenyewe zikawa zimepata kazi.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na anayekwenda kwenye mahojiano huzipita zote akizungumza peke yake moyoni. Nilivuka daraja la Nyali nikijieleza kwa Kiswahili. Mtwapa nilijieleza kwa Kiingereza. Kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo nilikuwa nimefika kwenye udhaifu wangu, nikakosa wa kuutaja usio wa kweli. Kilifi, matatu ilipopanda daraja na bahari ikaonekana chini ikiwa imeingia bara kama ulimi wa samawati, nilisahau kila kitu nilichokariri. Baada ya hapo, mkono wa kushoto, msitu ukaanza: Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, mabaki makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Nimepita hapo tangu utotoni nikiona miti tu.

Nilishuka Gede, nikapanda tuktuk hadi langoni pa hoteli. Askari wa lango alinitazama kuanzia viatuni.

"Mgeni au kazi?"

"Kazi."

"Meneja ameitwa Nairobi. Mahojiano ni kesho saa nne."

Hakuna aliyenipigia kunijuza. Mtafuta kazi hapigiwi kwa mambo madogo kama hayo. Hupigiwa kwa makubwa tu, nayo hayapo. Nauli ya kwenda, kurudi na kwenda tena sikuwa nayo. Nikampigia binamu yangu anayekaa Dabaso, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege, kazi ambayo sisi wa Mombasa tumekuwa tukiitaja kwa sauti ile tunayomtajia mtu aliyeacha shule.

"Njoo, mdogo wangu," alisema. "Lakini usichelewe, maji yanajaa."

Sikuelewa maji yanahusiana vipi na mimi.

Yalihusiana na ndege. Hori la Mida maji yakipwa huwa uwanja mkubwa wa tope, na ndege hutapakaa mbali, vidoa tu. Yakianza kujaa, maji huwasogeza hatua kwa hatua kuja ukingoni, mpaka mtu aliyekaa kimya kwenye kile kibanda cha kuchungulia awahesabu kucha. Ili ukifikie kibanda unapita juu ya daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, linayumba, na chini yake kaa wenye gando moja jekundu wanakupungia. Kiingilio cha daraja hilo husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu, mpango ulioanzishwa na A Rocha Kenya mwaka 2001. Nilivua viatu vya mjomba, nikavifunga kamba, nikavitundika shingoni.

Tulikaa. Binamu hakusema neno kwa muda wa kama dakika kumi, nami nikaanza kujieleza moyoni kwa mazoea. Kisha akanisukumia darubini yake kubwa ya miguu mitatu.

"Mtazame yule mweupe na mweusi."

Niliweka jicho. Ndege mrefu, miguu ya kijivu kama bomba, mgongo mweusi, mwili mweupe kama aliyepigiwa pasi, na mdomo mnene mweusi ambao ungemfaa ndege mara mbili ya ukubwa wake. Alikuwa anakwenda hatua tatu, anasimama, hatua tatu, anasimama, halafu ghafla akatoka mbio, akainama, akainuka na kaa. Jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola. Binamu humwita mla-kaa, na mimi sitampa jina lingine.

"Wajua ametoka wapi?" aliniuliza.

"Wapi?"

"Ghuba."

Nilicheka nikidhani mjomba amempigia. Lakini ndivyo ilivyo. Ndege hawa huzaliana kwenye visiwa vya mchanga vya pande za Bara Arabu: Oman, Imarati, Iran, Kuwait, Bahari ya Shamu. Huko huchimba shimo refu mchangani, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii za wachokora tope anayelifanya, na ndani ya shimo hutaga yai moja jeupe. Joto la mchanga wenyewe husaidia kulilalia, kwa hivyo mama hapati shida ya kukaa juu ya yai siku kutwa katika nchi ambayo hata kivuli kina joto. Kuanzia Agosti huanza kuteremka kuja kwetu, nao hukaa hadi karibu na masika. Vijana wetu wanapanda ndege kwenda Ghuba kutafuta riziki, na ndege wa Ghuba wanateremka Mida kutafuta riziki hiyo hiyo, bila wakala, bila viza, bila kunyang'anywa pasipoti.

"Sasa mtazame yule wa nyuma yake," binamu akasema.

Wa nyuma alikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kama shati lililofuliwa na nguo nyeusi. Kimo chake kilikuwa sawa na cha yule wa mbele. Miguu sawa. Mdomo sawa. Lakini alikuwa ameinamisha shingo, ameuvuta mwili chini, na anamfuata mwenzake unyounyo akitoa sauti nyembamba ya kulialia. Wa mbele akikimbia, naye anakimbia. Wa mbele akisimama, naye anasimama na kuinamisha shingo zaidi. Kaa mkubwa akanaswa. Yule mzima akamkung'uta, akamkatakata miguu, akageuka nyuma, na kijana akapokea.

"Mtoto wake," binamu alisema. "Amezaliwa mwaka jana. Hata kuruka wameruka pamoja, kilomita maelfu hizo zote. Amefika Afrika, ana mdomo kamili, ana miguu kamili, na bado analishwa."

Sikujibu. Nina umri wa miaka 26, na asubuhi ile yale mahamri mawili nilipewa na mama.

"Wataalamu wanasema ana kasoro?" niliuliza hatimaye.

"Wanasema kazi ya kukamata kaa ni ngumu, inataka muda kujifunza." Binamu akaegemea ukuta wa kibanda. "Hakuna anayemwita mvivu."

Tulikaa mpaka jua likazama nyuma ya msitu, na keremkerem wekundu wakaanza kuja kwa makundi kulala kwenye mikoko, wekundu wa kuungua, mmoja baada ya mwingine, wakiyagombania matawi kama abiria wa jioni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa saa mbili nzima sikuwa nimeiangalia simu.

Usiku, kwenye mkeka wa binamu, nilijiuliza kwa nini kifua kimekuwa chepesi. Nadhani ni hivi. Kutafuta kazi ni kutazamwa. Unatazamwa viatu, unatazamwa vyeti, unatazamwa mkono unavyoushika mkono wa mwenye ofisi. Mwaka mzima na ushei nilikuwa kitu cha kupimwa, hata nilipokuwa peke yangu nilijipima mwenyewe. Pale kibandani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mimi ndiye niliyekuwa natazama. Na ndege, Mungu awajaalie, hawakuwa na haja nami hata chembe.

Saa kumi na moja alfajiri binamu aliniamsha. Alikuwa na wageni wawili, mume na mke Waholanzi waliokwisha kustaafu, waliosafiri kutoka Ulaya kuja kumwona bundi.

"Bundi?" nilisema. "Mimi nina mahojiano saa nne."

"Saa tatu utakuwa umerudi."

"Kaka, sikuhofia saa."

Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huuliza ni nani mgonjwa. Asubuhi ya mahojiano mtu hutoka na ubani, hutoka na Yasini. Kwenda kumtafuta bundi kwa miguu yake mwenyewe ni sawa na kumpigia simu mkosi na kumwelekeza nyumbani. Lakini nilikuwa nimelala bure na kula bure, na kulikuwa na darubini ya kubebwa. Nilivaa suruali ya mahojiano, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo.

Gari liliingia msituni kupitia sehemu ya mirihi, miti mirefu iliyoachana, juu ya mchanga mweupe. Hapo binamu alisimama kusikiliza, akawaeleza wageni habari za mnana wa Kilifi, ndege mdogo wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti hii. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1913. Walimwona juu ya mirihi, wakamwona akila wadudu, wakamwona na watoto wake, lakini kiota chake hakuna aliyekijua. Hadi mwaka 2013, miaka mia moja kamili, ndipo viota vilipopatikana kaskazini, Dakatcha, kwenye majani ya kinamasi ambako hakuna aliyekuwa amefikiria kutazama. Nilifikiria fomu zote nilizojaza, pale penye anwani ya makazi, ambapo ukiacha wazi fomu inarudishwa. Huyu aliacha wazi karne nzima, na watu wakazidi kumtafuta kwa gharama zao.

Mbele zaidi mchanga mweupe ukakatika ghafla, udongo ukawa mwekundu kama pilipili ya unga, na miti ikawa mifupi, imesongamana, matawi yamesukwa pamoja. Hapo ndipo anapokaa. Bundi wa Sokoke alijulikana kwa wataalamu mwaka 1965 tu, na hadi leo makazi yake yanayojulikana ni misitu ya pwani hii na vilima vya chini vya Usambara Mashariki, Tanzania. Binamu alituacha barabarani akaingia kichakani peke yake. Alirudi baada ya muda mrefu, akatuita kwa kidole, na tukaingia kwa magoti, Waholanzi mbele, mimi nyuma na darubini na suruali ya mahojiano.

Sikumwona. Alinielekeza tawi, sikumwona. Alinielekeza jani kavu kando ya tawi, nikalitazama jani hilo mpaka jani likafumbua jicho.

Jicho la manjano, nusu, kisha likafumba. Halafu nikaona kwamba ni bundi wawili, wamebanana bega kwa bega kwa kiwango cha kifua changu, mmoja kijivu na mmoja wa rangi ya kutu, kwa maana ndege hawa huwa na rangi zaidi ya moja. Kimo cha kila mmoja kilikuwa kama kalamu niliyoitia mfukoni kwa ajili ya kujaza fomu. Uzito wake, binamu alinong'ona, haupiti yai la kuku. Huyu ndiye niliyemwogopa. Yule wa rangi ya kutu alinifumbulia jicho mara ya pili, akanitazama kuanzia juu kwenda chini kwa muda usiozidi wa askari wa lango, na hakuniuliza uzoefu. Akalala.

Mama wa Kiholanzi alikuwa analia kimyakimya. Mumewe alimshika mkono. Nikakumbuka kwamba huyu ndege hajatoka hapa, hajasoma, hajahama, hajui chochote nje ya kichaka hiki chenye udongo mwekundu, na kwa sababu hiyo hasa watu wawili wamevuka dunia kumfuata. Mimi pia ni mtu wa pwani hii. Kwenye barua 63 nilikuwa nimeificha habari hiyo chini kabisa, baada ya kozi ya kompyuta.

Saa nne kasorobo nilikuwa langoni. Nilikuwa nimejikung'uta kadiri nilivyoweza, lakini udongo wa Sokoke ukishaingia kwenye kitambaa hautoki kwa kuombwa. Magoti yangu yalikuwa mekundu.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Waliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, nikakaribia kusema kichakani, nimefumba jicho. Waliniuliza udhaifu wangu, nikasema ukweli kwamba tangu jana nimeanza kusahau saa. Mwanamke wa katikati, ambaye alikuwa hajasema kitu, alinitazama magoti.

"Umetoka shambani?"

"La, mama. Nimetoka kumwona bundi."

Wa kulia aliweka kalamu chini. Wa kushoto alisogeza kiti nyuma, kidogo tu, kama mtu aliyesikia kwamba mwenzake ana homa. Nikaona hapa pameshaharibika, na kilichoharibika hakina hofu tena, nikawaeleza yote: udongo unavyobadilika, jani lililofumbua jicho, mla-kaa wa Ghuba na mtoto wake mkubwa. Mwanamke yule akasema wageni humuuliza kila siku ni ndege gani anayepiga kelele bustanini alfajiri, naye huwajibu ni ndege tu. "Yule atakuwa kwarara, mama," nilisema. Akaandika kitu. Kisha wa kulia akafungua faili na kuniuliza kama nina uzoefu wa miaka mitatu wa mapokezi, kama tangazo lilivyotaka, nikasema sina.

"Haya. Tutakupigia."

Binamu hutambua ndege kwa mlio kabla hajamwona. Mimi nina ujuzi huo kwa mlio mmoja, na hakuna katika pwani hii anayenizidi. Kuna *tutakupigia* ya kukaa kitini bila kuinua macho: hiyo ni hapana, na nambari yako haikuandikwa. Kuna ya kusimama na kushikana mkono: hapana pia, ila wamelelewa vizuri. Kuna ya kuulizwa kama nambari hii ndiyo ya WhatsApp, ambayo ni adimu, nimeisikia mara moja tu, huko Voi. Hii ya Watamu ilikuwa ya pili, pamoja na jambo jipya: yule mwanamke alinisindikiza hadi mlangoni akaniuliza kwarara anaandikwaje. Nikamwandikia.

Kwenye matatu ya kurudi nilikaa upande wa kulia, na kabla ya Kilifi nikajikuta nimegeuza shingo kuutazama msitu ukipita. Mtwapa simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa binamu: Jumamosi ana wageni sita, anataka mtu wa kubeba darubini na kuchunga saa, malipo si mengi. Uzoefu hautakiwi. Chini yake ameongeza: "Njoo na viatu vyako mwenyewe."

Mama aliniuliza kabla sijafika barazani. "Wamesemaje?"

"Watapiga."

"Na hayo magoti?"

Nikamweleza. Alikuwa anapakua samaki wa kupaka, mwiko ukabaki hewani. "Bundi," alisema. "Siku ya mahojiano. Watu huenda kwa dua, mwanangu weye waenda kwa bundi, halafu wauliza mbona hupati kazi." Aliendelea hivyo mpaka wali ukaisha sufuriani, na sikuwa na la kujitetea, kwa kuwa hata mimi, kwa upande wa ushahidi, niliona kesi yake ina nguvu.

Nilikaa kwenye mkeka. Nilipoinamia sahani, shingo ilishuka chini zaidi ya ilivyohitajika, na nikaitambua shingo hiyo nilikoiona. Mama alitazama sahani yangu, akatazama yake, akakata kipande kikubwa cha upande wa mkia, akatoa miiba kwa vidole, akaniwekea.

"Kula," alisema. Kisha, baada ya kimya, bila kunitazama: "Na huyo wa pili, wasema alikuwa rangi gani?"